Maji ya Moto juu ya Mguu Uliovimba

Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi, ilinikanyaga mguu wa kuume pale mtaani Murara, kwenye mteremko wa mawe ya volkano. Mtoto wangu wa miezi saba alikuwa mgongoni, yeye hakuguswa. Mimi kifundo kilivimba, kufika jioni kilikuwa kama avokado.

Muganga wa kituo cha afya aliupapasa akasema mfupa ni mzima, ni enflamasiyo tu, uvimbe wa nyama. Niweke kitambaa cha maji baridi, niinue mguu juu ya mto, nimeze vidonge nikisha kula, na kwa siku tatu mtu asiukande. Siku ya nne nianze kukanyaga polepole. Niliandika yote kwenye kikaratasi. Sekondari nilimaliza, kuandika najua.

Mama mkwe, ambaye tunakaa kwake, hakukisoma. Alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya taulo. Ndivyo alivyonikanda tumbo nilipozaa, na tumbo lilirudi. Mguu ukatae kwa nini? Nikamwambia muganga amekataza.

Akasema bila kuniangalia, "Baridi inaingiaka mu mufupa, binti yangu. Ule muganga atakubeba ukizeeka na muguu mubovu?"

Alinikanda asubuhi na jioni, kwa kidole gumba, akinisifu kwamba sipigi kelele. Kelele gani, na yeye ndiye aliyenibebea mtoto? Nilimpigia mume wangu, aliye Bunagana kwa kazi. Alicheka.

"Mama hajaua mutu na taulo. Vumilia."

Nikamkatia simu.

Siku ya nne ngozi ilikuwa inang'aa, vidole havikunjiki. Mama mkwe alikuwa ameenda kuvuta maji kwenye robine, mtoto akalia. Nikamweka mgongoni, nikafunga kitenge, nikasimama. Hatua moja. Ya pili mguu ukakataa. Nikashika mlango kwa mikono yote miwili, tukabaki hivyo, yeye analia sikioni mwangu, mimi siwezi kwenda mbele wala kuachilia, maana tungeanguka wote.

Mama mkwe alitukuta hapo. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Unaona sasa? Bado tunakanda."

Nikafungua kitenge mwenyewe, nikampa mtoto. Alipomfunga tu mgongoni kwake, mtoto akanyamaza, msaliti yule. Kisha mama mkwe akaenda kuwasha makala, makaa ya jiko, achemshe maji tena.

Nikakaa, nikanyoosha mguu.