Siku Kitambaa cha Kichwa Kiliita Matanga

Aibu yangu mutaa wetu wote wa Kasuku ulishaiona, sasa nitaficha nini tena? Mucheke tu.

Siku ile wakwe walikuwa wanatoka Kampene kuleta posa ya Zaina, mutoto wangu wa pekee, na mimi tangu asubuhi ninatoa viti na meza nje nisafishe nyumba, ninapika, ninagombeza kila muntu, hata maji sijanywa. Saa sita kichwa kikaanza, kile changu cha tangu vita (wakati ule tulikuwa tunasikiliza risasi ngambo ya Lualaba, meno tumekaza, mabega juu karibu na masikio), kinabana pande zote kama nimevikwa sufuria ndogo. Dawa yangu njo moja, na sikuwa muntu wa kushauriwa: nikachukua kitambaa cheusi, nikafunga kichwa, nikakaza kabisa, nikaketi chini kwenye mukeka, nje, katikati ya viti.

Jirani yangu Mama Furaha, yule wa Butembo mwenye duka, akapita. "Mama Zaina, kuko nini?"

"Niache, dada, siwezi kusema." (Ningesema "kichwa" tu, neno moja!)

Akaangalia: vyombo nje, mama chini, kichwa kimefungwa. Kwetu hiyo haiulizwi, njo kilio. "Uwiii! Musiba!" Sijasimama, wanawake wa barabara yote wamejaa, mumoja anagaagaa, mwingine amening'ang'ania shingo, mpaka na mimi nikalia, musiniulize namulilia nani.

Hapo wakwe wakafika na pikipiki zao. Baba ya kijana akavua kofia. "Poleni sana. Posa haiingii kwenye matanga. Tutarudi arobaini ikipita." Wakageuza.

Zaina akatokea kwa musukaji, nusu ya kichwa imesukwa. "Mama, nani amekufa? Mbona wanaenda?"

Jamani, nilikimbia! Miguu wazi, kitenge nimekishika mukononi, mama muzima mbele ya soko: "Rudini! Hakuna maiti! Ni kichwa tu!"

Wakasimama. Mama ya kijana, ambaye ni muganga wa hospitali, akashuka, akafungua kile kitambaa mwenyewe, akanibonyeza mabega. Yalikuwa magumu kama ubao.

"Mukwe wangu," akasema polepole, "vita ilisha. Mabega yako hayajapata habari. Kichwa cha namna hii kinaanzia huku, na wewe unakizidisha kwa kukibana. Yashushe. Kunywa maji, pumzika. Kikija kila siku, uje tukupime."

Nikayashusha palepale barabarani, watu wanaangalia, na hapo njo nililia machozi ya kweli.

Walirudi, posa ikapokelewa, na waliaji wakakula wali kuliko wageni. Zaina leo ni mama nyumbani kwake.

Kitambaa kile sikifungi tena. Kichwa kikianza naacha kazi, nakichovya kitambaa ndani ya maji ya vuguvugu, nakiweka kwenye shingo, nashusha mabega. Lakini kabla ya yote napiga kelele upande wa dukani: "Mama Furaha, sikia! Ni kichwa tu. Sisi wote tuko wazima."