Ufashisti Ulipoingia kwa Mlango wa Kanisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimepewa ukatekista, yaani kazi ya kuwafundisha imani wanaojiandaa na kipaimara, katika kanisa letu dogo karibu na soko la Mwanakwerekwe, hapa kisiwani. Sikusomea chuo chochote. Nilichokijua nilikiokota mwenyewe katika vitabu vya kuazima, na niliogopa kwamba mtu ataniuliza swali moja tu na kila mmoja atagundua.

Nilipojifuta mdomo na kuingia, kwaya ilikuwa mazoezini. Msikiti wa jirani ukaadhini. Bi Roza, mpiga ngoma, akalaza viganja juu ya ngozi ya ngoma, na kwaya nzima ikanyamaza katikati ya ubeti. Nilidhani wamekosea.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Tunawapisha. Na sisi tukiwa na maiti, wao huzima spika za madrasa. Ndivyo tunavyoishi hapa."

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Padri Msimamizi, mtu wa maneno machache. Nilimpelekea masomo yangu yamenyooka kama nguo za Idi, kila jibu mahali pake. Akayasoma, akayarudisha. "Majibu umewapa, Mwalimu. Dhamiri umewaachia wapi?" Swali hilo liliniharibia usingizi, lakini ndilo lililonifanya mwalimu.

Padri akahamishwa. Tulipokuwa tukisubiri mwingine, shughuli zote zilishikwa na Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, naye akamleta Mratibu wa Vijana. Lazima niseme haki: nilimpenda. Vijana waliokuwa wakishinda barazani bila kazi aliwafundisha gwaride, wakaanza kutembea vifua mbele. Mtu akishaitwa si kitu maisha yake yote, kupangwa mstarini ni heshima.

Kisha akaleta kiapo cha kusemwa kabla ya kila somo: sisi ni kundi moja, sauti moja, na kiongozi wetu hakosei. Kiongozi mwenyewe alikuwa yeye. Kisha akamwambia Bi Roza asisimamishe ngoma tena kwa ajili ya adhana.

"Kunyamaza ni unyonge, Bi. Wanatuona wanyonge."

"Nimezaliwa Ng'ambo, hapa hapa mjini, baba," Bi Roza akamjibu. "Wewe umeshuka na boti ya juzi. Huo unyonge wangu umekuuma wapi?"

Vijana wakacheka. Mratibu hakucheka. Wiki iliyofuata ngoma ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na ilipigwa mpaka adhana ikaisha.

Hapo nikaamua kufundisha ufashisti. Nilijiandaa kwa siku nyingi, nikiogopa kwamba nitalitumia neno kubwa kwa jambo dogo. Kwa hiyo nilianza na maana. Ufashisti ni siasa iliyozaliwa Italia, na jina lake linatokana na fungu la fito zilizofungwa pamoja na shoka. Si ukali wa serikali tu. Wakali wapo wa kila aina. Ufashisti hulifanya taifa, au kabila, au kundi, kuwa kitu cha kuabudiwa. Humweka kiongozi mahali pa dhamiri. Huchukia unyonge. Na hauwezi kuishi bila adui; asipokuwepo, utamtengeneza.

Nikawaambia kwamba huko Ulaya yapo makanisa yaliyoukaribisha, tena kwa nyimbo, kwa sababu uliahidi nidhamu. Wapo Wakristo waliokataa pia. Waliokataa walikuwa na hoja nyepesi: anayeabudiwa ni Mungu peke yake, na kila mtu ameumbwa kwa mfano wake, hata yule asiyesali nasi. Na Bwana tunayemfuata alikufa mnyonge, mikononi mwa wenye nguvu. Anayedharau unyonge amdharau kwanza yeye.

Sikumtaja Mratibu. Hapakuwa na haja; darasa zima liligeuka kumtazama pale mlangoni alipokuwa amesimama.

Mwenyekiti akaniita sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada. Mratibu alikuwa ameshakaa.

"Mwalimu, unatugawa," Mwenyekiti akasema. "Fito zikifungwa pamoja, kosa liko wapi? Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Naam, Mzee. Lakini nani kasema jirani zetu ni chawa?"

Mratibu akadakia kabla Mwenyekiti hajajibu: "Ataongoza kiapo, au hataongoza?"

Nikamgeukia Mratibu. "Siongozi. Kiongozi asiyekosea simjui duniani, na wewe nshakuona ukikosea."

"Basi pumzika, Mwalimu," Mwenyekiti akasema kwa upole, kama anayemfunika mgonjwa.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila mvi hata moja. Watu huniuliza kama najuta. Najuta kwamba sikusema vizuri zaidi. Nimeyapanga upya maneno yale kichwani kila siku. Kukataa sikujutii. Ninyi mtakaofundisha baada yangu, msingoje kujiamini. Mimi ningengoja, ningekuwa bado nangoja, na kiapo kingekuwa kimeshazoeleka kama salamu. Tena msiutafute ufashisti kwenye picha za zamani peke yake. Utazameni pale mnapoambiwa kwamba kumpisha jirani ni aibu.

Jumapili ya kwanza baada ya kupumzishwa kwangu, kiapo kilihamia ibadani. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma, muumini wa kawaida. Mratibu akaamuru wote wasimame, na kanisa likainuka. Mimi nikabaki nimekaa, nikiona migongo tu.

Bi Roza, aliyesimama kando yangu, akainama. "Unaumwa?"

"Siumwi, Bi."

Alinitazama, akamtazama Mratibu kule mbele, mkono kifuani, akisubiri sauti moja.

"Basi sogea," akasema huku akiketi. "Umekalia nafasi yangu."