Macho ya Mama Siku ya Mchujo

Siku ya mchujo wa chama hapa Lodwar, nilipanga foleni nyuma ya mzee aliyemshika mkewe mkono. Mama yule haoni tena. Mtaani sote tunajua mzee humwambii kitu kuhusu rais, ambaye safari hii amepata mpinzani ndani ya chama chake mwenyewe.

“Nani atakuwekea alama?” karani akamuuliza mama.

“Mzee wangu.”

“Na unamtaka nani?”

“Ule anashindana na rais.”

Karani akashusha sauti. “Mama, huyu ni mtu wa rais kabisa.”

“Najua. Tumegombana mwezi mzima,” mama akasema, akicheka.

Mzee aliinamia karatasi, akaweka alama kwa mpinzani. Kisha akamwonyesha karani.

Mlangoni, mwenzake wa kambi ya rais aliyesikia yote akamfokea: “Mzee, umetuuza!”

“Yangu nimempa rais,” akajibu taratibu. “Hii ni ya mama, na macho yake ni mimi.”

Wanasiasa wetu wametuhubiria sana uaminifu msimu huu. Mimi niliuona kwa mzee huyo, na ulimwongezea mpinzani kura moja.