Maji ya Kupeleka Hola

Gladys, mama yake Jotham, ungemsikia kabla hujamwona. Kila asubuhi akifika mtoni ni kusonya na kutema mate, kutema mate na kusonya. Na haki yake! Juu kidogo ya kijiji chao, nje ya Garsen, tajiri mmoja alijenga machinjio, akachimba mtaro, na mtaro akauelekeza moja kwa moja mtoni. Damu, samadi ya matumboni, vipande vya utumbo vilivyovimba, vyote huteremka na kuganda ukingoni pale watu wanapochota maji. Ptu! Hata kusimulia kunatia kichefuchefu.

Watu wazima huchotea kwenye mtumbwi uliofungwa pale. Watoto wamekatazwa kuupanda wasije wakaanguka, kwa hiyo wao hunywa kwa viganja palepale ukingoni. Mjukuu wake Hope, wa miaka mitatu, alikuwa ameharisha mara nne tangu mvua ilipokatika. Mara ya mwisho alifikishwa hospitali macho yamemtumbukia ndani, na Gladys akaapa kwamba mtaro ule utazibwa, apende asipende mwenyewe.

Basi chama cha watumiaji maji kilipotafuta watu wa kupima afya ya mto, kuanzia Wenje mpaka Chara, yeye alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza chupa moja kila Jumatatu mahali watu wanapotumia maji, na kuipeleka stendi iende Hola kupimwa. Baada ya wiki nane, maji yakionekana machafu, machinjio yangefungwa. Kassim, afisa wa chama, alimwonyesha namna ya kukaza kizibo na kuandika tarehe, akaondoka. Kuchota hakumfundisha. Nani atamfundisha mwanamke wa Kipokomo kuchota maji?

Hakukosa hata Jumatatu moja. Siku ya majibu alifika ukumbi wa kanisa mapema, akakaa mbele kabisa, amevaa gauni la Krismasi. Kassim akasoma. Wenje, tope jingi. Chara, chumvi imepanda. Kisha akakohoa kidogo.

"Garsen. Maji ya hapa ndiyo safi kuliko ya vituo vyote."

Mwenye machinjio akapiga makofi, peke yake, taratibu. Gladys akainuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Safi? We Kassim, safi? Njoo nikutekee kikombe unywe mbele ya hawa watu! Mmelishwa nyama kilo ngapi huko Hola?"

Kassim hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Mama Jotham, chupa ulijaza wewe. Twende ukanionyeshe."

Wakateremka mtoni, watu wote nyuma yao. Gladys akaipokea chupa huku bado anafoka. Akauruka uchafu wa ukingoni, akaziba pua, akapanda mtumbwi mpaka ncha ya mbali, mkondo unapokimbia. Akapangusa uso wa maji kwa mgongo wa kiganja, mara mbili, povu likasogea pembeni. Akatandaza ncha ya leso mdomoni mwa chupa, akaizamisha. Aliporudi alimpa Kassim kwa mikono miwili, vile anavyopewa mgeni.

Kassim akaiinua juani. Maji yalikuwa yanang'aa.

"Kila Jumatatu ulifanya hivi?"

"Ulitaka niwapelekee watu wa Hola maji ya mavi?" Gladys akajibu kwa hasira. "Mimi sikulelewa hivyo!"

Neno halijamtoka vizuri, akalisikia mwenyewe.

Lo! Akautazama mkono wake wa kulia. Mama yake aliufunza kupangusa taka kabla haujaweza kubeba hata ndoo. Kinyaa alichokuwa amemwekea tajiri yule miezi yote sasa kikamgeukia yeye.

"Mkono huu," alisema. "Mkono huu ndio uliomsafishia mshenzi yule. Na Hope je?"

"Tutaanza upya," Kassim akasema. "Wiki nane nyingine."

Gladys alimpokonya chupa tupu nyingine, akaenda ukingoni, akachuchumaa pale Hope anapochuchumaa. Nzi walimrukia usoni. Mkono ule wa kulia ulinyanyuka wenyewe kwenda kupangusa povu, akaurudisha, akaubana chini ya paja. Akaisukuma chupa kwa mkono wa kushoto ndani ya lile povu la rangi ya chai. Kipande cha utumbo kikaja kikakwama mdomoni mwa chupa, kikazunguka, kikaingia. Akatapika kando, akaona aibu mbele za watu, lakini chupa hakuiachia.

Akakaza kizibo. Akaandika tarehe. Kisha akampa Kassim kwa mkono mmoja, uso ameugeuza upande.