Mbata Zilizolaaniwa

Mimi darasani sikukaa sana, lakini mbata nazijua. Nilianza kwa kufua nazi za watu hapa Bagamoyo, nikaishia na ghala langu mwenyewe la nazi kavu, zamani hizi za Waingereza. Mwingine aliyeweza hivyo simjui, na nimeuliza.

Mwaka wa kwanza wa ghala akaja mkaguzi wa Kizungu. Akafungua gunia, akanusa, akatamka neno moja kwa ukali: kondemu. Siku hizi watoto wa mjini wanalitumia kwa lolote, wali ukiungua kondemu, baiskeli ikivunjika kondemu. Siku ile tulikuwa hatujapata kulisikia. Karani wake, kijana wa misheni aliyekijua Kiingereza kuliko alivyotujua sisi watu wa pwani, akatufasiria: "Bwana amesema mbata hizi zimelaaniwa."

Wachukuzi wangu wakatua magunia palepale. Mtu wa kwetu atabeba mzigo mzito, atabeba hata unaonuka. Wenye laana habebi, asije akawapelekea wanawe nyumbani. Nami bila wachukuzi, ghala lilikuwa limekwisha, na jina langu nalo.

Nikamwendea karani. "Muulize bwana wako, laana ya nani? Ya Mungu au yake?"

Wakasemezana. Karani akarudi ameinamisha uso. "Anasema zina maji, zimeota ukungu. Hazifai. Zilizooza zitupwe, nyingine zikaushwe tena."

"Basi si useme hazifai! Laana gani hiyo, ukiianika juani inatoka?"

Nikatupa zilizooza, nikaanika zilizobaki kwa mikono yangu, maana hakuna aliyekubali kuzigusa. Mkaguzi aliporudi akazipitisha zote. Wachukuzi bado wamekaa.

"Tajiri," akasema mnyapara wao, mtu wa Zinga, "ukungu tumeuona umetoka. Laana tutaionaje?"

Nikachukua kipande, nikapiga bismillahi, nikatafuna mbele yao.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua kinywa. Inua ulimi."

Nikainua, tajiri mzima, wakaangua kicheko. Mnyapara akanyoosha mkono naye apewe. Akatafuna taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu tumboni. Akala cha pili, akala cha tatu, mpaka nikamwambia aache, gunia lile limeshapimwa. Ndipo akajitwisha, na wenzake wakamfuata.