Kuhamisha na Kuhakiki

Mama alivunjika mkono wa kulia akishuka na mzigo wa kuni kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yetu kijijini Mgwashi. Barua ya kaka yangu ilinifikia Dar es Salaam wiki ile ile kompyuta ya ofisi yetu ilipofungwa kwa matengenezo, basi mkuu wa ofisi akanipa ruhusa ya wiki mbili. Nilifungasha nguo chache, sukari, sabuni, na bahasha kubwa ya karatasi za kazi. Karatasi hizo ndizo zilizokuwa zikininyima usingizi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke pekee aliyeandika programu katika ofisi ile ya serikali. Wenzangu wa kike walikuwa chumba cha pili wakitoboa kadi za kulishia mashine, na mimi mwenyewe nilianzia huko. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, shule zinafunguliwa kila mahali, na kazi tuliyopewa ilikuwa kupanga walimu: nani anakwenda wapi, na shule ipi haina mtu. Kompyuta ilijaza chumba kizima, lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo. Tuliihesabu kwa vijumba. Kila kijumba kilikuwa na namba, na kila amri ililazimika kutaja namba hiyo: chukua kilichomo kijumba hiki, kiweke kile. Ukiongeza amri moja katikati, zote zilizofuata zilisogea, na namba ulizokwisha kuandika zikawa za uongo. Tulifuta na kuandika upya mpaka karatasi zikatoboka.

Nikaomba niandike programu ya kutuondolea adha hiyo. Sisi tungeandika majina tu ya sehemu za programu, nayo ingeyawekea jedwali, ingelipatia kila jina nafasi yake, kisha ingegeuza majina yote kuwa namba. Mtaalamu wa kigeni aliyetusimamia alikubali shingo upande, kwa kuwa niliamua majina yawe ya Kiswahili. Jaribio la kwanza liliharibika. Programu ilianza vizuri, halafu ikaanza kujifuta yenyewe kipande kwa kipande, mpaka mashine ikasimama.

Mtaalamu alivua miwani. "Ukirudi kutoka kwenu, kama haijapona, tunarudi kwenye namba," alisema.

Mwenzangu mmoja, kijana mwema aliyekaa meza ya jirani, aliamini kosa lilikuwa la mashine. Aliniahidi kwamba matengenezo yakiisha ataijaribu tena, safari hii kwa mkanda wenyewe wa walimu, ule uliohifadhi habari zao zote. Sikumkatalia. Mimi mwenyewe sikujua kosa liko wapi.

Nilimkuta Mama amekaa barazani, mkono umefungwa plasta, uso umekunjamana zaidi kwa kukosa kazi kuliko kwa maumivu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifanyia kazi au umekuja na karatasi?"

"Vyote."

Asubuhi nilipalilia maharage, nikachota maji, nikapika. Mchana, ukungu ukishapanda, nilitandaza karatasi zangu kwenye meza ya baba na kuanza kuwa mashine. Nilisoma amri moja moja na kuifuata kama kompyuta ingeifuata, nikiandika pembeni kilichomo katika kila kijumba. Siku tatu nilifanya hivyo. Kila mara programu yangu ilifanya kazi bila kosa. Hilo ndilo lililoniumiza: mezani ilikuwa nzima, kwenye mashine ilikuwa inajiua.

Siku ya nne Mama alisema kwa Kishambaa kwamba amechoka kutazama kuku. Akaniomba nimpe kitu cha kufanya ambacho hakihitaji mkono wa kulia. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na kusoma kwake kulikuwa kule kwa kanisani: polepole, kwa sauti, kila neno likipewa haki yake. Nikampa jedwali la majina. Mimi nitaita jina, yeye atanitajia namba.

"Mwandiko wako mdogo kama chawa," alisema. Akachakura bahasha kwa mkono wa kushoto, akatoa karatasi nyingine, ile iliyochapwa na mashine yenyewe siku ya jaribio. "Hii naiona."

Tukaanza. Mimi naita, yeye anafuata kwa kidole mpaka anapata, ananisomea namba, naandika. Tulikwenda hivyo mpaka chai, tukaendelea kesho yake. Siku hiyo ya pili niliita, "Kuhakiki."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari. "Hapa pana KUHA tu."

"Ndiyo hiyo, Mama. Mashine hukata majina. Kijumba kimoja kinameza herufi nne, zinazobaki zinatupwa."

"Sawa. Lakini jana uliniuliza kuhamisha, nikakupa KUHA hii hii." Akaninyooshea karatasi. "Sasa hii ni ya nani?"

Niliichukua ile karatasi na kuikagua mstari kwa mstari. KUHA ilikuwa moja. Nilipoandika kuhakiki, jedwali liliweka namba yake. Nilipokuja kuandika kuhamisha, jedwali lilidhani ni mtu yule yule, likafuta namba ya kwanza na kuweka ya pili. Kwa hiyo kila nilipoiagiza mashine ikague jambo, ilikwenda kuhamisha. Ilichukua vitu na kuvimwaga juu ya amri zake yenyewe. Mezani sikuliona kosa kwa sababu nilisoma mwandiko wangu, na mwandiko wangu ulikuwa na majina mazima. Mpango wa herufi nne aliuweka mtaalamu, na kwa maneno ya lugha yake labda ulitosha. Maneno yetu huanza kwa kufanana.

Kisha nikakumbuka mkanda wa walimu. Ulikuwa mmoja tu, hauna nakala, na programu ile ingeuharibu. Mashine ingefunguliwa Jumatatu, na ile ilikuwa Ijumaa.

"Mama, lazima nifike posta Lushoto kesho alfajiri."

"Nenda," alisema. "Uji nitakoroga kwa mkono wa kushoto."

Nilitembea hadi Bumbuli, nikapata basi hadi Soni, na jingine likanipandisha Lushoto. Posta nilimkuta karani mmoja, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia, nikampa karatasi yangu ya simu ya maandishi, ya kumpelekea yule kijana wa ofisini: KUHAMISHA NA KUHAKIKI ZIMEGONGANA MSIENDESHE MKANDA WA WALIMU.

Aliisoma mara mbili. Siku zile kuhamisha halikuwa neno la kuchezea. Mikoa mingine watu walikuwa wanahamishwa kupelekwa vijiji vipya, na huku milimani uvumi ulipanda na kila basi.

"Dada, ni walimu wanahamishwa?"

"Hapana, mzee. Hayo ni majina tu."

"Majina ya nani?"

Nilipojibu kwamba ni majina ya sehemu za programu ya kompyuta, aliinuka akaenda kumwita mkuu wake. Mkuu wa posta alikuja, mpole lakini hana haraka, akaniuliza nimetoka wapi, mtoto wa nani, nafanya kazi wizara gani. Nilijibu yote. Nilimwonyesha kitambulisho. Alikigeuza na kukigeuza tena. Akasema simu hiyo inafaa kwanza ionwe na ofisi ya wilaya, nayo haifunguliwi mpaka Jumatatu.

Sikuondoka dirishani. Nilimwomba penseli. Nikamwandikia maneno mawili, nikayakata herufi nne nne, nikamweleza kilichotokea.

"Kwa hiyo barua za watu wawili zinaingia sanduku moja," alisema.

"Ndiyo, mzee. Na aliyefika wa pili amemfukuza wa kwanza."

Alicheka kidogo, ila hakulegeza. "Nimekuelewa wewe. Atakayeisoma njiani sijui kama ataelewa. Maneno haya siwezi kuyapitisha."

Nikafikiri. Kijana wa meza ya jirani alikuwa na nakala ya orodha yangu ya majina, na kwenye orodha hiyo majina yalipangwa kwa mstari. Nikafuta, nikaandika upya: JINA LA TANO NA LA KUMI NA MOJA YAMEGONGANA MSIENDESHE MKANDA NINGOJENI. Mkuu wa posta akaisoma, akaipiga muhuri.

Wiki iliyobaki nilitafuta nafasi. Kulipatia kila jina vijumba viwili, herufi nane, kulitaka jedwali mara mbili, na kumbukumbu ilikuwa imejaa. Amri zilikuwa na sehemu yao, habari za walimu sehemu yao. Nilipima kila upande, nikakata amri nilizoweza, bado hapakutosha. Nikiwa shambani, jembe mkononi, ndipo nilipoliona: majina yanahitajika tu wakati programu inageuzwa kuwa namba, na wakati huo sehemu ya walimu bado ni tupu. Jedwali likae humo, na walimu wakija walifute. Niliacha jembe kwenye tuta nikaenda kuandika.

Dar es Salaam nilikuta mkanda haujaguswa. Mtaalamu alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema njia fupi ni kubadilisha majina yawe ya Kiingereza.

"Hapana," nilimwambia. "Wanaokuja baada yangu watasoma majina haya. Nipe saa mbili za mashine."

Alinipa moja. Jaribio la kwanza lilikwama kwa kadi iliyotobolewa vibaya, nikaitoboa mwenyewe upya. La pili lilikwenda mpaka mwisho. Mashine ya kuchapa ikaanza kutoa shule na walimu, shule na walimu, karatasi ikijikunja sakafuni. Mtaalamu aliinama, akaokota ukurasa wa jedwali, akauliza KUHAMISH hutamkwaje. Nikamtamkia, pamoja na herufi iliyokosekana. Akarudia vibaya, nikamsahihisha, akarudia tena. Kisha akaenda mezani kwake kuandika barua ya kuomba nipewe wasaidizi wawili.