Masharubu ya Makaa

Mimi njo baba yangu; ndiyo, mimi ndiye. Usicheke! Nenda nyumbani kwetu, mtaa wa Mikelenge hapa Kindu, uangalie ukutani: yule bwana wa koti na masharubu, ambaye watoto wangu wanamwita babu, ni mimi.

Baba alikuwa mtu wa reli. Miaka ya vita treni iliacha kufika Kindu, njaa ikatushika, akaenda upande wa Kailo kutafuta mihogo. Akafia huko, wakamzika huko. Sisi tulikuwa tumekimbilia porini. Tuliporudi, waporaji walikuwa wamesomba vitu vyote vya nyumba, hadi picha zetu. Mama hakulilia vyungu wala vitanda. Alilia kitu kimoja tu: "Nitasahau sura yake."

Tena matanga bila picha, watu wamlilie nani? Tukaenda kwa mpiga picha wa mtaani, aliyemjua baba. Filimu yake ilikuwa imebakiza picha moja. Akanitazama mimi, kifungua mimba, msichana niliyeanza kuangaliwa njiani, sasa nimenyolewa kichwa chote kwa sababu ya msiba, kama desturi yetu. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Mama, bwana yako si huyu hapa?"

Wakanivalisha koti la kuazima. Akachukua kaa jikoni, akanichorea masharubu. Aibu gani hiyo, jamani! Machozi yakanilenga.

"Usipepese!" akafoka. Mashine ikalia, basi.

Picha ilipotoka, mama weh! Alikuwa baba. Nilitafuta uso wangu nisiuone. Wenzake wa reli walipoingia matangani walivua kofia. Mmoja akaangua kilio mbele ya picha: "Njo yeye kabisa! Siku walimupiga hii picha nilikuwa naye!" Wala hakuwa anadanganya, maskini. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na maji ya kunywa, hakunitupia hata jicho.

Toka hapo Mama aliisalimia kila asubuhi, akiilalamikia bei ya samaki. Habari ya makaa hakuigusa tena, na mimi nikanyamaza. Siku ya kuolewa nilikwenda kuiaga. Baba alinikazia macho, nikainamisha kichwa mbele ya uso wangu mwenyewe. Nilimwogopa, kweli kabisa. Lakini iliniuma pia, maana picha nyingine ya usichana wangu sina. Yule msichana alikwenda wapi?

Siku hizi kichwa cha Mama kimechoka. Mimi ninayemlisha sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, kwa mkono wangu, ananiuliza, "Karibu, mama, unatoka wapi?" Natoka nje, nalia, narudi.

Juzi aliitaka ile picha. Nikaishusha, nikamwekea mapajani.

"Bwana yako huyu," nikamwambia.

Akafuta kioo kwa kitenge chake, akanicheka kama mimi njo niliyepotewa na akili.

"Bwana yangu? Sura yake nilisahau zamani. Huyu ni mutoto yangu. Angalia macho, anataka kulia. Nilikuwa nyuma ya mupiga picha, nilimuona."

Miaka yote hiyo! Mama akaweka kidole juu ya masharubu, akayasugua polepole, akayasugua tena.

"Ukimukuta huko inje," akaniambia, "umuambie akuje nimunawishe."